Vyombo Vikikataana, Mnunuzi Aambiwe Mapema

Nina kesi ndogo ya nyumbani ambayo leo naileta kwenu wasomaji, kwani naamini haikunipata mimi peke yangu. Kesi yenyewe yahusu hedifoni zisizo na waya na mtambo wa michezo ya televisheni, ule ambao vijana wetu huuita "pi-esi" hata ukiwa wa kampuni nyingine. Vyombo hivyo, vyote vizima, vyote vya pesa, vilikataa kushikana mbele ya macho yangu. Na kwa ajili ya ugomvi wao nilimtolea mwanangu maneno ambayo hakustahili. Mwenye makosa hamtamwona mapema, maana mimi mwenyewe nilimkosa mara mbili kabla ya kumpata.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa. Aliyepata kulala katika mtaa ule ajua kuwa kuta ni nene lakini madirisha yanatazamana, na jirani akipiga chafya wamwombea rehema bila ya kuinuka kitandani. Sebule yetu imepakana na chumba cha mamangu mzazi, ambaye umri wake umepita miaka 80. Juu ya sebule ndipo penye meza yangu ya kuandikia. Na katika sebule hiyo, tangu mjomba wake kijana alipokwenda kufanya kazi Doha na kumwachia mtambo wake, ndipo palipogeuka uwanja wa mpira. Baada ya isha huja vijana watatu, wanne, wakaketi mkekani na padi zao mikononi, na mtangazaji wa Kiingereza akapiga makelele kama aliyeibiwa. Wenziwe waondokapo saa nne, mwanangu hubaki peke yake na mtangazaji wake.

Nami ada yangu ni kuandika usiku. Yamekuwa mazoea kwamba pale nilipokwisha kukipata kina cha mwisho, huku sebuleni hupaa ukelele wa "goli!" na kina kikatoroka kama kuku aliyefunguliwa kamba. Nikavumilia mwezi mmoja, nikavumilia wa pili. Wa tatu nikatoa amri: ama sauti ikome, ama mtambo ufungwe katika sanduku hadi mwenyewe arudi. Nikatoa na hoja ya bibi yake, kwamba mzee halali. Hoja hiyo niliitunga mimi, kumbukeni hilo.

Kijana hakujibu. Likizo ilipofika akaenda kwa fundi wa makochi akafanya kazi wiki tatu, akibandua vitambaa vikuukuu na kung'oa misumari. Alipolipwa akashuka mjini akanunua hedifoni zisizo na waya, zile kubwa zinazofunika masikio, kwa shilingi 3,500. Muuzaji alimwambia kuwa zashika kila kitu: simu, televisheni, gemu. Sanduku nalo lilikuwa na picha ya simu, ya kompyuta na ya padi ya michezo, zote katika mstari mmoja kama ndugu.

Usiku ule alizitoa mbele yangu kwa fahari, na mimi nikashuka nitazame. Simu yake ilizishika mara moja. Akaja kwenye mtambo. Akafungua orodha ya vyombo, mtambo ukatafuta, ukaliona jina la hedifoni na kuliandika kwenye kioo, wazi kabisa. Akalibonyeza. Mtambo ukajibu kwa Kiingereza kwamba vyombo vya sauti vya namna hiyo haviungi mkono. Akarudia. Akauzima, akauwasha, akazizima hedifoni, akaziwasha. Mara ya kumi hivi nikasema neno ambalo hadi leo nalijutia:

"Umeuziwa takataka. Kazi ya wiki tatu umeitupa baharini, na wewe wajifanya mtu wa mjini."

Kijana akazikunja hedifoni, akazirudisha sandukuni polepole, akaenda kulala. Angalinijibu ningalipata afueni.

Asubuhi yake nikamchukua tukaenda dukani, mimi mbele, na mkononi nina sanduku kama mtu apelekaye ushahidi mahakamani. Duka sitalitaja. Muuzaji ni kijana mwenye adabu. Alinikaribisha kwa "Shikamoo ami," akazitoa hedifoni, akaziunganisha na simu yake, akanivika mimi mwenyewe kichwani. Nikasikia muziki safi.

"Ami, takataka iko wapi hapa?" akaniuliza.

"Na gemu je? Ulimwambia zashika gemu."

"Gemu nyingine zashika, nyingine hazishiki. Hilo ni la mtambo wenu, si la hedifoni zangu."

Akanionyesha ukutani, karatasi iliyoandikwa kuwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Tukatoka. Njiani mwanangu aliniambia maneno manne tu: "Baba, si takataka basi." Nikanyamaza, maana alikuwa na haki.

Sasa, mimi ni mtu ambaye nikishindwa na jambo halinitoki kichwani. Nilimwendea fundi mmoja wa vyombo vya umeme ninayemwamini, nikasoma, nikauliza tena. Niliyoyapata nitayaeleza hapa kwa lugha yetu, kwa sababu sikuyakuta yameelezwa kwa lugha yetu popote nilipotafuta.

Hedifoni zisizo na waya aghalabu hutumia mawimbi yaitwayo Bluetooth. Jina lenyewe, maana yake Jino la Buluu, ni lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, na lilipendekezwa mwaka 1997 na Jim Kardach, mhandisi wa kampuni ya Intel. Mfalme huyo alisifiwa kwa kuwaunganisha watu waliokuwa mbalimbali, na chombo hiki kipya kilikusudiwa kuwaunganisha simu na kompyuta. Basi yashangaza kuwa jina la muunganishaji ndilo lililoniletea mfarakano. Na yashangaza zaidi ukijua kuwa padi ya PlayStation huongea na mtambo wake kwa Bluetooth hiyo hiyo. Mlango upo, na padi yaingia. Hedifoni ndizo huambiwa zirudi.

Na jambo hili si la mtambo mmoja, ndiyo sababu wetu nimeuacha bila ya jina. PlayStation 4 ya Sony iliyotoka mwaka 2013, na PlayStation 5 iliyotoka 2020, zote mbili hazipokei moja kwa moja hedifoni za kawaida za Bluetooth. Xbox ya Microsoft nayo hutumia mawimbi ya namna yake wenyewe, na hedifoni za kawaida haizijui. Nintendo Switch ilitoka Machi 2017 ikiwa vivyo hivyo. Kisha Septemba 2021, zaidi ya miaka minne baadaye, kampuni ikatuma marekebisho ya programu na hedifoni zikaanza kushika. Waliokuwa wamenunua Switch tangu mwanzo hawakubadilishiwa hata msumari. Waliamka asubuhi wakakuta mtambo ule ule umejifunza kukubali, ingawa kwa masharti: kipaza sauti cha hedifoni hakifanyi kazi, na padi zisizo na waya zisizidi mbili.

Kwa nini kukataa? Sababu ya kwanza ni ya kweli, na inataka haki yake. Sauti ya Bluetooth huchelewa. Mtambo huifinyanga sauti iwe ndogo, huifunga vifurushi vifurushi, huirusha, na hedifoni huipokea, huiweka akiba kidogo isije ikakatika, kisha huifungua na kuipiga. Kazi yote hiyo hula sehemu ya sekunde, aghalabu kati ya milisekunde 100 na 300 kwa hedifoni za kawaida. Mtu atasema, sehemu ya sekunde ni kitu gani? Nenda pwani ukamtazame fundi wa jahazi akipiga nyundo, nawe simama hatua kama themanini mbali naye. Utaona nyundo imeshuka, na wakati sauti inapokufikia mkono wake umeanza kuinuka tena. Hiyo ni kama milisekunde 200. Ukitazama filamu hakuna neno, kwa sababu simu au televisheni yaweza kuichelewesha picha nayo ili iende sambamba na sauti. Lakini mchezo haungoji, kwani picha yafuata kidole cha mchezaji. Akibonyeza, mpira umekwisha kwenda, na teke lasikika baadaye.

Sisi tuliosoma chuoni twajua ubaya wa sauti inayochelewa. Darasa letu lilikuwa barazani, na wadogo waliketi mwisho kabisa, karibu na ngazi. Maalim akisoma aya nasi tukimfuatia kwa pamoja, wale wa ngazini walikuwa wakimalizia neno ilhali sisi wa mbele tumeingia la pili, kisomo kikawa mavurugu. Maalim hakuwapiga, aliwasogeza mbele. Na kama kuna mpiga ngoma wa taarabu asomaye makala haya, yeye hahitaji maelezo yangu.

Sababu ya pili, fundi aliniambia, ni kwamba hedifoni zikitumia na kipaza sauti chake kwa Bluetooth ya kawaida, sauti yote hushuka ikawa kama ya simu mbovu. Hilo nalikubali bila ya ubishi.

Ya tatu hakunipa fundi, ni yangu. Kampuni hizo hizo zinazofunga mlango huuza hedifoni zao wenyewe, ambazo mlango ule huzifungukia, na bei zake si za kijana wa fundi wa makochi. Siwezi kuingia mioyoni mwa watu wa Tokyo na Redmond nikajua waliloazimia. Lakini mchuuzi wa soko la Kongowea akiniuzia mtungi ambao kata za watu wengine haziingii, ila kata yake tu, sitahitaji kuingia moyoni mwake.

Baada ya kujua sababu nilitaka kujua njia, na njia zipo. Televisheni yenye Bluetooth yaweza kushika hedifoni yenyewe, ingawa kuchelewa kutakuwako. Yetu ni ya zamani, haina. Kuna kidude cha kuchomeka katika tundu la USB la mtambo, ambacho kwa mtambo ni hedifoni za kawaida za waya, na kwa hedifoni ni simu. Husema uongo pande zote mbili na wote wakaridhika. Hicho hufaa kwa PlayStation na Switch, lakini Xbox haidanganyiki nacho. Kuna na hedifoni ambazo huuzwa pamoja na kidude chake, zikawa na mawimbi yasiyopitia Bluetooth, na hizo hazichelewi kiasi cha kuudhi. Mwenye kuzitaka na aulize kwanza ni za mtambo gani, kwa sababu za huyu mara nyingi si za yule. Vyote hivyo ni pesa juu ya pesa.

Nikiwa nimefika hapo ndipo nilipokifungua kijitabu kilichokuja ndani ya sanduku. Karatasi nyembamba, maandishi kama mchanga, lugha tisa. Kiingereza chake kilikuwa cha mtu aliyekisikia kwa mbali. Kiswahili hakuna. Ila Kiarabu kilikuwamo, na mimi Kiarabu changu ni cha chuoni na cha darsa za msikitini baada ya magharibi. Ni cha sala na mirathi, si cha umeme. Hata hivyo nikaanza kukisoma kwa kidole kama zamani. Nikakutana na neno "iktirani". Nikasimama hapo. Hilo ndilo neno walilolitumia kwa kuunganisha hedifoni na chombo kingine, na mzizi wake ndio wa "akdul-kirani", yaani ule mkataba wa ndoa ambao kadhi huufunga. Nikacheka peke yangu. Kumbe Waarabu nao wameona kuwa hii ni ndoa: mmoja atangaza kuwa yuko tayari, mwingine aposa, na bila ya ridhaa ya pande mbili hakuna kitu. Kisha nikakumbuka kuwa simu ya mwanangu, ambayo menyu yake ameiweka kwa Kiswahili, husema "oanisha". Watu wawili, lugha mbili, wazo moja.

Lakini faida kubwa haikuwa neno. Ukurasa uliofuata ulikuwa na mchoro wa hedifoni, na chini ya sikio la kushoto kitundu kidogo, na katika kitundu waya. Nikazichukua hedifoni nikazipapasa. Kitundu kilikuwapo! Nikamwita kijana.

"Waya uliokuja na hizi uko wapi?"

Akajikuna kichwa. "Si zisizo na waya, Baba? Nilidhani ni wa bure tu. Nilimpa Bibi."

Tukaingia kwa mamangu. Waya ule mweusi ulikuwa juu ya kitanda, umefunga pembe ya chandarua kwenye msumari, fundo tatu, kazi safi. Ulikuwa hapo muda wa wiki mbili, wakati mimi nazunguka mji na sanduku kwapani. Mama akauliza twataka kumpa nini badala yake, maana mbu hawajui gemu. Tukampa kipande cha kamba ya nailoni, akakikagua, akakubali.

Ncha moja kwenye hedifoni, ncha ya pili kwenye padi, pale chini yake penye tundu la duara. Padi za PlayStation 4 na 5 zote zina tundu hilo. Za Xbox huwa nalo tangu 2015, ila zile za mwanzo za 2013 hazina. Kijana akavaa, akaanza mchezo, akatikisa kichwa: kimya. Moyo wangu ukashuka. Kumbe mtambo ulikuwa umewekwa upeleke kwenye hedifoni sauti ya mazungumzo ya wachezaji tu. Akaingia kwenye mipangilio ya sauti, akachagua sauti zote, na papo hapo mtangazaji akakatika kutoka katika televisheni kama aliyezibwa mdomo, na uso wa mwanangu ukafunguka. Waya hauchelewi. Mtambo huzungumza na padi yake mwenyewe upesi, na toka padini hadi sikioni ni shaba tu.

Nikamwomba radhi pale pale, mbele ya bibi yake, kwa sababu maneno yangu ya kwanza niliyasema bila ya kushusha sauti na bibi yake aliyasikia. Akaondoa upande mmoja wa hedifoni ndipo anisikie, ikabidi nianze upya. Kuomba radhi mara mbili kwa kosa moja si rahisi, lakini nilistahili.

Usiku huo niliandika hadi saa saba. Ila kabla ya hapo, kama saa tano, nilisikia mamangu akiita: "Mbona kimya? Mtoto hajarudi?" Kijana hakusikia. Nikashuka mimi nikamwambia mama yuko hapo sebuleni, acheza. Akasema yeye alikuwa akilala vizuri kwa yale makelele, maana alijua kuwa mjukuu wake yuko ndani ya nyumba. Hoja niliyoitunga ikanirudia. Tukapatana na kijana kwamba baada ya saa nne sikio la kulia huwa wazi. Na kwa upande wa masikio yenyewe, Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza kwa kiwango cha desibeli 80, na ikifika 90 ni saa 4 tu kwa wiki. Hivyo sauti tumeishusha, ingawa kila nikipita naona imepanda kidogo.

Sasa narudi kwenye kesi. Nilimhukumu kwanza mwanangu, nikakosea. Nikazihukumu hedifoni, nikakosea. Mtambo nao una udhuru wake wa sauti kuchelewa, na mtu mwenye udhuru husikilizwa. Kukataa kwenyewe sikuoni kuwa ni kosa. Mimi nashitaki kimya. Tangu kiwandani hadi kaunta ya duka, mikono yote iliyopitisha sanduku lile ilijua, au ingaliweza kujua kwa kuuliza swali moja, kwamba padi iliyochorwa pale haishiki ila kwa waya. Hakuna mkono ulioandika.

Mimi si wakili, lakini kusoma najua. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Mwaka 2012 ikafuatia sheria nzima ya kumlinda mtumiaji. Na Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo chasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, kisha pamoja na Kiingereza ni lugha rasmi. Viweke vifungu hivyo viwili juu ya meza moja, uniambie ni habari gani aliyopewa mwanangu, na kwa lugha gani.

Najua nitakalojibiwa. Vijana wa leo wote wajua Kiingereza, ya nini kuwachosha wenye viwanda? Kweli, mwanangu Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Lakini mnunuzi si kijana siku zote. Ni mama anayetaka kumtuza mtoto aliyefaulu mtihani, ni mjomba aliye safarini, ni babu. Hao ndio watoao pesa, na hao ndio waendao nyumbani wakaitwa washamba na watoto wao. Tena lugha yetu haikosi maneno, kama wanavyodai wavivu. Neno "oanisha" limo mifukoni mwa maelfu ya watu, ndani ya simu zao. UNESCO imetupa siku yetu, tarehe 7 Julai, tukaisherehekea kwa ngonjera na hotuba, na nyingine nimezisoma mimi mwenyewe jukwaani nikapigiwa makofi. Katika orodha ya lugha za mtambo ule ulioko sebuleni mwangu, Kiswahili hakimo. Makofi yangu yalikuwa ya nini?

Sikutaka kuishia kwenye manung'uniko. Jumatatu nikachukua kadi nyeupe na kalamu nene, nikaandika kwa mwandiko wangu bora, ule wa kuandikia kadi za harusi: "Hedifoni hizi zashika simu na televisheni zenye Bluetooth. Mitambo mingi ya michezo haizishiki ila kwa waya. Waya umo sandukuni, usiutupe." Nikampelekea yule kijana wa duka. Akaisoma mara mbili, akanishukuru kwa dhati, akasema yeye mwenyewe hakuyajua hayo na wateja wawili wengine walikwisha kumrudia. Akaibandika kwenye kioo mbele yangu.

Wiki iliyofuata nilipita tena. Kadi ilikuwapo pale pale, mwandiko wangu wang'aa. Ila alikuwa ameikata kwa makasi chini ya sentensi ya kwanza. Sikuingia kugombana naye. Nimerudi nyumbani nikaandika nyingine, na hii nimeianza kwa sentensi ya pili.